Mzee Amesema Nisirudi Bwawani

Jumapili, Mafubira, Jinja. Mvua imeanza kabla watu hawajaenda kanisani na mpaka sasa inanyesha. Nguo nilizofua Alhamisi zimelowa upya kwenye kamba na sina haraka ya kuzianua.

Nina hasira. Naandika hivyo mapema ili atakayesoma asijisumbue kunitafutia maneno ya kunituliza. Mutenyo, mume wangu, yuko sebuleni anatazama mpira na sauti ameizima, ati asinisumbue. Tangu tuoane hajawahi kuizima sauti ya televisheni kwa ajili yangu, hata nilipokuwa na malaria. Leo ameizima. Anajua alichofanya.

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana nikianzia katikati nitatukana.

Mimi ni Mkenya. Nimezaliwa upande ule mwingine wa Mlima Elgon, na baba yangu alikuwa mvuvi wa trauti. Hakuwa akivua wa kuuza. Alivua kwa sababu alipenda, katika vijito vya juu kwenye baridi, na mimi ndiye niliyemfuata kwa sababu kaka zangu waliona ni kazi ya kukaa bure. Trauti ni samaki wa maji baridi, ana madoa ubavuni, na ni mwoga kuliko sungura. Ukishamzoea yeye, samaki wengine wote unawaona wapole.

Hapa Jinja nikisema nasafiri mpaka Mbale kwenda kuvua, watu hunicheka. "Mto wote huu!" wananiambia wateja wangu pale Bugembe, ninakouza mabomba na koki za maji. Ndiyo, mto upo, nauona kila nikienda mjini, na una sangara na ngege wa kutosha. Sina ugomvi nao. Lakini sangara unamtupia kitu, anameza, mnavutana. Trauti anakitazama kwanza chakula chako, anakizunguka, anakifikiria. Akikuona umesimama vibaya anakwenda zake na hutamwona tena siku hiyo. Mimi napenda kiumbe asiyekurupuka. Nyumbani kwangu sinaye.

Bwawa lenyewe liko juu ya mji wa Mbale, mlimani, ndani ya shamba la kahawa. Mwenye shamba alikiziba kijito apate maji ya kumwagilia, kisha akaleta vifaranga vya trauti kutoka Kenya, wakakua. Ni mtu mwema. Jumamosi huwaruhusu jamaa na marafiki wavue, mradi hawaleti nyavu wala kelele.

Rafiki yake mkubwa ni baba mkwe wangu. Hapo ndipo maneno yanapoanzia.

Baba mkwe ni mwanajeshi mstaafu, anaishi Nabuyonga, hapo hapo Mbale, na mtaa mzima unamwita Afande. Sisi nyumbani tunamwita Mzee. Kwa watu wa huku, mkamwana na baba mkwe hawakaribiani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawasemeshani. Nikimwona njiani mimi napisha mpaka majanini. Akiingia uani kwa mbele, mimi natokea mlango wa nyuma. Wanasema anayeuvunja mwiko huu mikono yake itatetemeka mpaka uzee. Sikulelewa hivyo, lakini niliolewa nikiwa na akili zangu, na desturi hiyo nimeishika bila kunung'unika. Naye ameishika vilevile. Sijawahi kumwona akinitazama usoni.

Kwa hiyo kila neno la Mzee limenifikia kwa mdomo wa Mutenyo. Mzee amesema tusihamie Mbale, tubaki Jinja. Mzee amesema Krismasi ndugu zangu wasije wengi. Mzee amesema mtoto wetu aitwe Nambozo. Mimi nilitaka aitwe Tabitha, jina la mama yangu, ambaye tulikuwa tumemzika muda mfupi kabla sijajifungua. Nililia, kisha nikakubali. Ningefanya nini? Utabishana vipi na mtu ambaye hata kumsalimia huruhusiwi?

Turudi kwenye samaki.

Bwawani tuliishi kwa utaratibu ambao hakuna aliyeupanga. Yeye alikaa upande wa ukuta unaoziba maji, amenipa mgongo. Mimi nilikaa ng'ambo, kijito kinapoingilia. Akitaka kuzunguka, alikohoa kwa nguvu kama anaita gwaride, mimi nikakusanya vitu vyangu nikasogea. Nilisogea sana. Kuna asubuhi nilisogea mpaka nikalizunguka bwawa zima bila kutupa mshipi hata mara moja. Nikavumilia.

Kitu nilichoshindwa kukivumilia ni jinsi alivyovua.

Sikia. Bwawa si mto, samaki hawaletwi kwako na mkondo, lazima ujue waliko. Asubuhi trauti hukaa pale kijito kinapoingia, maji ni ya baridi na chakula kinaletwa na maji yenyewe. Jua likipanda hushuka kwenye kina, karibu na ukuta. Upepo ukivuma, nenda ule upande unaopigwa na upepo, hata kama unakuumiza macho, maana wadudu wote husukumiwa huko. Usisimame wima ukingoni. Chuchumaa, na kivuli chako kiwe nyuma yako. Maji yakiwa na tope, nyungunyungu. Mchana wa jua, panzi. Ugali na mahindi waachie ngege. Kile chambo cha bandia, kijiko cha bati kinachozunguka majini, nacho kinafaa pale samaki wamezubaa, ukikivuta polepole, unakiacha kizame kidogo, unavuta tena.

Lakini mvua ikinyesha halafu kumbikumbi wakatoka, weka vyote hivyo chini. Siku hiyo trauti hali kitu kingine. Anapanda juu kabisa na kudokoa uso wa maji, unaona duara, duara, duara, bwawa zima.

Sasa mtazame Afande siku ya kumbikumbi. Anamchukua mdudu mzima, mzuri, na kabla hajamchoma kwenye ndoana anamng'oa mabawa. Yote. Kwa kidole gumba, haraka, bila hata kuangalia. Ni mazoea ya mkono tu. Huku kila mtu amekua akila kumbikumbi, na mtoto anajua kung'oa mabawa kabla hajajua kufunga viatu. Halafu anamwongezea kipande cha risasi juu ya ndoana, mdudu anazama chubwi. Juu wenzake wanaliwa wakiwa na mabawa yao yamelala juu ya maji, chambo cha Afande kiko matopeni. Kisha anakaa, anangoja, anakunja uso kama samaki ndio wakosaji.

Baba yangu alinifundisha nisiyang'oe nikiwa mdogo. Chambo hukiandai kwa ajili ya kinywa chako, alisema, na akanizaba kofi mkononi kila nilipogusa mabawa.

Nikamwambia Mutenyo, tafadhali mwambie baba yako aache kung'oa mabawa, na risasi aitoe. Mutenyo akaenda, akarudi. Mzee amesema hafundishwi kazi na mtoto wa juzi.

Sawa.

Halafu, mvua za msimu huu zilipoanza tu, wakati ule ule ambao mvuvi wa trauti anausubiri mwaka mzima, Mutenyo akaniletea nyingine. Mzee amesema nisirudi bwawani. Anaona aibu, mkamwana na yeye maji yale yale. Ni suala la heshima.

Nikaacha kwenda. Jumamosi ikaja, nikakaa dukani Bugembe nikahesabu koki ambazo nilikuwa nimeshazihesabu. Jumamosi nyingine ikaja. Nilikuwa nikiona kumbikumbi wakizunguka taa ya jirani hapa Mafubira na machozi yananilenga, mtu mzima mimi. Yule samaki ndiye kitu pekee nilichobaki nacho kutoka kwa baba yangu. Nikimvua naisikia sauti yake. Hilo sijawahi kumwambia mtu, naliandika hapa.

Basi nikamchukia Mzee. Nilimnunia mtu ambaye haruhusiwi hata kuuona uso wangu umenuna. Nikaacha kumpelekea boflo ya mkate tuliyokuwa tukimnunulia Jinja kila tukisafiri, ile anayoipenda. Nilikuwa nikipita mbele ya duka la mikate nasema moyoni, akale mabawa.

Juzi tulikwenda Nabuyonga, tukalala kwa shangazi yake Mutenyo aliyefanya sala ya shukrani. Ijumaa jioni ilinyesha, ikakatika, na kumbikumbi wakatoka kila mahali. Watoto walikuwa wakiwakusanya kwa mabeseni. Nikachukua wangu kwenye kopo la majarini ya Blue lenye matundu kwenye kifuniko, nikalificha chini ya kitanda. Jana asubuhi Mutenyo bado anakoroma, nikapanda boda nikaenda mlimani. Sikumuaga mtu. Nilikwenda kwa shari, naomba nieleweke. Nilikuwa nimejiambia, nikimkuta huyo Afande siondoki, mikono na itetemeke.

Nikamkuta.

Alikuwa upande wake, mgongo wa koti la kijani umeinama, anang'oa mabawa. Bwawa limejaa maduara, samaki wanakula mpaka unasikia midomo. Nikakohoa mimi safari hii, kwa nguvu. Mgongo ukanyooka, lakini hakugeuka. Nikachuchumaa mahali pangu pa zamani, nikamtoboa kumbikumbi kwa ndoana ndogo, hapa shingoni, mabawa yake yote manne, bila risasi, bila kiboya, mshipi mwembamba tu, nikamweka juu ya maji kijito kikamchukua. Hakufika mbali. Duara, mshipi ukakaza, nikahesabu pumzi moja kama nilivyofundishwa, nikainua ufito. Samaki wa kujaza sahani. Nikamtupia wa pili. Nikapata wa pili. Mikono haikutetemeka hata kidogo.

Ndipo Mzee akasema. Hakunisemesha mimi. Aliyasemesha maji.

"Wewe maji," akasema, bado amenipa mgongo, "mimi nauriza wewe. Ule mutu alipotea wapi? Jumamosi mingi mimi nakaa hapa peke yangu kama sentri ya lindo."

Nilitaka kumjibu yeye. Nikajizuia. Nikayatazama maji, nikayajibu maji.

"Maji, mwambie anayeuliza kwamba mtu huyo alikatazwa kuja."

Samaki wakaendelea kula.

"Maji, nani alikataza?"

"Maji, aliyekataza alisema ametumwa na huyo huyo anayekuuliza. Alisema anaona aibu."

Akauweka ufito wake chini. Niliona mabega yanapanda na kushuka.

"Mimi?" akasema. "Maji, wewe najua mimi. Mimi hapana tuma mutu. Mimi nakataza mukamwana, halafu naangaria nani? Mimi kila siku naiba kwa macho. Anakaa wapi, mimi naona. Anatupa wapi, naona. Ile anafunga kwa ndoana tu, hiyo iko mbali, macho ya uzee imekataa."

Nikauweka ufito wangu chini nami.

"Maji," akaendelea, sauti imeshuka kidogo, "mimi nauriza hii moja. Samaki iko moja, kumbikumbi iko moja. Kwa nini yangu anakataa?"

Nilikuwa nimeshalijibu swali hilo zamani.

"Maji," nikasema, "kwani hakuna aliyemwambia habari ya mabawa?"

"Mabawa ya nini?"

"Kwamba asiyang'oe. Nilimtuma mtu amwambie."

"Hapana mutu aliambia mimi kitu ya mabawa." Akafikiri. "Lakini maji, nani anakula mabawa?"

"Samaki."

Akacheka. Sikujua kwamba huyo mtu anacheka. Kicheko kikubwa cha kambini, kikapiga ukuta wa bwawa, na samaki wote wakanyamaza kwa muda. Basi nikayaeleza maji kila kitu. Risasi aitoe. Ndoana atafute ndogo, ile yake ni ya sangara. Amchome mdudu shingoni, si tumboni. Amwache apeperuke, asimvute. Duara likitokea asikurupuke, avute pumzi kwanza. Nilisema kwa sauti ya kusikika ng'ambo, na yeye akasikiliza kichwa kimeinama. Kisha nikaacha kumbikumbi kadhaa na ndoana moja ndogo juu ya jiwe la ukingoni, katikati yake na yangu, nikarudi kwangu. Alipokwenda kuvichukua mimi nilitazama kahawa.

Alikosa wa kwanza. Alikosa wa pili pia, akamtukana kijeshi. Wa tatu akampata. Hakushangilia. Alimshika kwa mikono miwili kifuani muda mrefu, mgongo wake kwangu, na mimi nikawaza kwamba baba yangu na huyu wangeelewana, wangekaa hapo kutwa bila neno.

Kabla hajaondoka aliyaambia maji jambo la mwisho. "Pale kijito inaingia, ile iko nafasi ya mukamwana. Hapana mutu mwingine atakaa hapo. Hii si ombi."

Akakohoa, akashuka zake na njia ya kahawa.

Nilibaki pale. Ningepaswa kufurahi, na kwa kitambo kidogo nilifurahi kweli. Kisha hasira ikaja, si ile ya asubuhi, nyingine.

Tuliondoka Nabuyonga mchana kwa pikapu yetu ya kubebea mabomba, Nambozo amelala katikati yetu. Tulipokuwa tumeipita Iganga nikamuuliza Mutenyo, baba yako alisema lini kwamba nisirudi bwawani? Akabadilisha gia bila sababu. Nikamwambia nimekutana naye.

"Hamuwezi kukutana," akasema.

Hakuuliza mlikutana vipi. Hakusema si kweli. Alisema hamuwezi.

Baadaye, karibu na Bugembe, akakiri. Kwamba watu wa Nabuyonga wanamcheka. Kwamba wanasema mke wa Mutenyo anavua, baba wa Mutenyo anavua, na Mutenyo mwenyewe anabeba kikapu. Kwamba alitafuta njia ya heshima ya kulimaliza.

"Ungeniambia hivyo hivyo," nikasema.

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

"Sasa unaona," akasema, kama vile ameshinda.

Sijamsemesha tangu wakati huo, na maharage ya leo nimeyapika bila chumvi.

Kuchekwa na watu kunauma, najua. Mimi ni mgeni hapa, nimechekwa lafudhi, nimechekwa mapishi, nimechekwa kwa kwenda kutafuta samaki mbali na mto. Angeniambia ukweli tungegombana, tungenuniana, yangeisha. Hilo lingekuwa la mume na mke. Lakini yeye alichukua mdomo wa baba yake akautumia, kwa sababu alijua mimi na mzee huyo hatuwezi kuulizana. Desturi ambayo mimi niliishika kwa heshima, na Mzee akaishika kwa heshima, yeye mwenye baba na mwenye mke aliigeuza kichaka cha kujifichia. Mzee naye akakaa peke yake pale kama sentri, akidhani mimi ndiye niliyemchoka. Na boflo yake nikamnyima.

Hilo linanichoma kuliko samaki wote niliowakosa.

Na tangu jana kuna jambo linanizunguka kichwani, nimelikwepa ukurasa huu wote. Mzee amesema hafundishwi na mtoto wa juzi. Hakusema. Mzee amesema nisirudi bwawani. Hakusema. Je, yale mengine? Kuhamia Mbale, nani alikataa? Ndugu zangu na Krismasi?

Nambozo amekuja sasa hivi kuniuliza kama mvua itaisha. Nimemtazama mtoto wangu, nikashindwa kumwita jina lake.

Kesho ni Jumatatu, nitafungua duka kama kawaida na nitauza koki kama kawaida. Jumamosi nitakwenda bwawani na boflo mbili. Nitakaa mahali pangu, nitangoja Mzee aje akohoe, anipe mgongo. Kisha nitayauliza maji ni nani aliyemkataa Tabitha.